Sungura Madume wa Chumba cha Kawaida

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, ndugu wa mke wangu, amepigwa picha tena kazini. Sungura wake madume wanakaa chumba cha baridi kilichopunguzwa hewa, kama juu mlimani. Mbegu zao zimepungua, na zilizobaki zinajikokota. Daktari wa mifugo, mwenye utafiti huu wa baridi na uzazi, amefurahi utadhani amepata mjukuu. Madume wangu, wa chumba cha kawaida, wana mbegu tele. Nani amewatazama? Nilipomuuliza daktari alisema kazi ya wangu ni kuwa wazima tu, ili wa shemeji walinganishwe nao. Yaani mtu anasifiwa kwa kuharibikiwa! Na nafasi ya msimamizi wa mabanda ni moja. Mama mkwe keshasema ni ya mwanawe.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua madirisha ili wangu nao wapate baridi. Wamekula maradufu, wakanenepa. Mafua nimepata mimi. Shemeji akaniletea chai ya moto. Nimeinywa kwa hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Akili ni mali. Sungura wote ni weupe, nani atajua? Watu walipokwenda kula nimewahamisha wangu chumba cha baridi, wake nikawaleta kwangu. Daktari akipima, wa shemeji wataonekana wazima, utafiti wake kwisha habari. Wangu wataonekana hoi, na wapiga picha waje kwangu. Leo nalala fofofo.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari amepima wa chumba cha baridi. Mbegu zinakimbia. Nikasubiri shemeji aumbuke. Wapi! Daktari akarukaruka, eti miili yao imeizoea hewa nyembamba, jambo ambalo hajawahi kuliona. Akawaita wakubwa. Kisha akanigeukia, akauliza nawalisha nini wa chumba changu hata mbegu zao zikawa hoi vile. Nikajibu labda wana wivu. Hakucheka. Nikisema kweli nafukuzwa, nikinyamaza shemeji anapanda cheo. Nimenyamaza.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji ndiye msimamizi. Mama mkwe amempongeza kwa simu ya mke wangu, mimi nimekaa pale pale. Kumbe daktari alitaka kunifukuza, shemeji akanitetea. Alimwambia mume wa dada yake ni mchapakazi, ila ana mafua. Nani alimtuma? Hata kwa wema ananizidi. Hilo limeniuma kuliko cheo.

Ijumaa, 14 Machi
Daktari anarudia utafiti kwa sungura wapya, apate uhakika. Shemeji amenipa chumba cha baridi, yeye akachukua cha kawaida, akasema anajua nilikitamani. Kichwa kilinivimba mpaka wageni wa kuangalia utafiti walipofika. Waliingia kwangu, wakatetemeka, wakatoka. Wakahamia chumba cha kawaida, kwenye joto, wakanywa kahawa na kuwapakata sungura wa huko. Wangu hakuna aliyewagusa.

Nimemwomba shemeji tubadilishane vyumba. Amekubali papo hapo, tena anatabasamu. Sasa usingizi hauji. Kile chumba cha baridi kina utamu gani ambao mimi sikuuona?