Sadini Waliokaidi Mwezi

Jumapili, 14 Juni 1998
Dharau! Baada ya ibada, mchungaji ametangaza kwamba atakayejua mapema siku ya sadini kufika Durban, ili tuvue wa kutosha karamu ya Uhuru wa Kongo ya tarehe 30, ndiye atakayekuwa mwenyekiti wa karamu. Mimi, Mwalimu Deusdedit, nimeshika uenyekiti huo miaka miwili! Sasa unagombewa kama kiti cha taksi. Aliyeinua mkono kwanza ni Méthode, mwenye duka la simu mjini. Mrundi! Uhuru wao ni siku inayofuata. Angesubiri.

Sina wasiwasi. Nimekulia Uvira, kando ya ziwa. Sadini ni dagaa waliolishwa vizuri. Dagaa huja wakati wa giza la mwezi. Giza ni Jumatano, tarehe 24. Basi.

Alhamisi, 18 Juni
Nimekwenda ufukweni kukagua bahari. Méthode alikuwa ameketi ukutani, anatazama ndege kwa darubini ya kuazima na kula mahindi ya kuchoma. Kazi gani hiyo? Amesema mama mmoja muuza mahindi wa soko la Warwick amemfundisha: maji yakipoa, na wale ndege weupe wakubwa wakianza kujitupa baharini kama mawe, sadini wako chini yao. Nimemwuliza kama mama huyo ana cheti. Amecheka hadi punje zikamtoka mdomoni.

Nimetia mguu majini kwa uchunguzi. Maji vuguvugu, mazuri kabisa.

Jumatatu, 22 Juni
Nimebandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi tunamosali hapa Greyville. Sadini watafika Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Njoni na ndoo. Sahihi yangu chini.

Élisabeth, mke wangu, ametaka kujua kwa nini nisiulize wenyeji. Nimemjibu kwamba nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na sikuajiriwa kuuliza.

Jumatano, 24 Juni
Watu arobaini, ndoo arobaini. Niliwasha karabai ukingoni mwa maji ili kuwavuta samaki, kama ifanywavyo kwetu. Hakuna sadini. Hakuna hata gamba! Mlinzi wa ufukwe alikuja kuuliza kama ninaita meli. Larissa wa saluni, niliyemfundisha kuandika jina lake mwenyewe, akapaza sauti: "Papa Mwezi, samaki iko wapi? Washa na ya pili, pengine hawajakuona!" Wakacheka wote, hata mchungaji. Kisha wimbi likazima karabai.

Méthode akaniletea chai ya moto na kunifunika koti lake. Ukatili mtupu.

Jumapili, 28 Juni
Nilipewa dakika kumi za kujieleza mbele ya waumini. Nilikuwa katika dakika ya ishirini na tano tu, naingia hoja ya tatu, simu ya Méthode ikalia. Mama wa Warwick! Ndege wanajitupa! Ukumbi mzima ukatoka mbio, wanakwaya na majoho yao, mchungaji akiwa mbele. Katikati ya ibada! Ibada ni ibada. Haikatizwi kwa ajili ya samaki. Tulibaki wawili, mimi na Mama Spès, ambaye alikuwa amelala. Nimemsomea hoja zote saba.

Wamerudi jioni wameloa, wananuka, wanaimba. Élisabeth amevua kwa mwavuli wangu. Mwavuli mweusi wa ibada! Ameugeuza juu chini na kuujaza mara tisa. Anasema maji yalikuwa ya baridi hata meno yakagongana. Sikumwuliza.

Méthode ndiye mwenyekiti.

Jumanne, 30 Juni
Karamu. Katika hotuba yake, isiyo na mpangilio wowote, Méthode ameniita mzee wake na kuniomba nibariki chakula. Nimekubali kwa ajili ya amani. Nimekula sadini kumi na mmoja ili kuthibitisha kwamba ni dagaa. Ni dagaa.

Nimepiga hesabu upya. Mwezi haukukosea. Sadini ndio waliochelewa siku nne. Utovu wa nidhamu. Mwakani giza ni tarehe 13 Juni, na tangazo nimekwisha kuliandika. Nimetazama kalenda. Ni Jumapili.

Ibada italazimika kusogezwa.