Daftari la Mama Pacha

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa hoteli ametangaza: msimamizi wa chumba cha kufulia anastaafu. Usaili Ijumaa, kwa Kiingereza. Kazi hiyo ina kiti. Kiti chenye mgongo! Miaka kumi na miwili nimepiga pasi nikiwa wima, magoti yamekwisha. Kiti kile ni changu. Mshindani mmoja tu: Mama Pacha wa mashine za kufulia. Tulianza darasa la Kiingereza siku moja, mwezi wa nane, kwenye stoo ya mashuka baada ya zamu. Wakati ule alikuwa na kitenzi kimoja, cha kwenda. Maji yalikwenda, sabuni ilikwenda, mume wake alikwenda. Nilicheka hadi nikaunguza foronya. Mimi nina vitenzi mia mbili vya kamusi, vizito vizito. Hawaniiti Profesa bure.

Jumanne, 4 Machi
Mambo si mazuri. Leo Mama Pacha alimweleza Mwalimu jinsi alivyomrudishia mgeni soksi iliyopotea: nani katoa, kampa nani, kampa nini, kila neno mahali pake. Zamu yangu nikamwaga vitenzi vinane mfululizo. Mwalimu akasema vitenzi vyangu ni mashati yasiyo na hanga, yote yako sakafuni. Eti mtu huanza na kitenzi kimoja ndani ya sentensi aliyoizoea, anaisema hadi inamtoka yenyewe, kisha anaingiza vitenzi vingine humo humo, taratibu, hadi kila kimoja kinajua kinaandamana na nini. Taratibu! Usaili ni Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima daftari la Mama Pacha. Hajui. Lilikuwa juu ya mashine namba tatu, nikalifunga ndani ya taulo. Nimelisoma mpaka chakula kimepoa; mke wangu kauliza kama ni barua ya mapenzi. Inakaribia! Mwezi wa nane: kwenda, kwenda, kwenda, kurasa sita. Mwezi wa kumi: kumpa mtu kitu. Kawapa mapacha maziwa, kampa jirani ndoo. Mwezi wa kumi na mbili, sentensi ile ile, lakini sasa ndani yake kuna kuonyesha, kuuza, kuazima. Mwezi wa pili anamwomba mtu afanye jambo, anamzuia mwingine asifanye. Mwanamke huyu amejenga kuanzia msingi, mimi nimerundika mabati tu. Nikamvulia kofia, peke yangu, mezani. Halafu likanijia wazo. Nitalikariri lote.

Alhamisi, 6 Machi
Daftari nimelirudisha. Liko kichwani, toka jalada hadi jalada. Nimepima kiti kwa macho. Kinanitosha.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Meneja aliuliza ningemwambia nini mgeni ambaye shati lake limeungua. Nikavuta pumzi, daftari likatoka lote. Nikamwambia nimewapa mapacha wangu maziwa. Nikamwambia nilijifungua kwa shida, ila mume wangu alinisaidia sana. Nilijaribu kujizuia, haikuwezekana. Meneja akanipa hongera, akauliza mapacha wana umri gani. Hilo nalo lilikuwa daftarini: miaka sita. Nililijibu vizuri sana.
Akaingia Mama Pacha, mlango ukabaki wazi. Swali lile lile. Alimwomba mgeni radhi, akamwonyesha palipoungua, akamwahidi shati jingine. Kuahidi! Kitenzi hicho hakimo daftarini, najua, nimelikariri. Amekichukua papo hapo akakiweka kwenye sentensi yake ya kumpa mtu kitu, kikakaa kana kwamba kilizaliwa humo. Nikapiga makofi nikiwa koridoni. Kwa moyo wote. Kiti kimekwenda.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Pacha ameketi. Kiti kinampendeza, sina kinyongo. Akaniita, akauliza kaka Profesa mapacha hawajambo? Kumbe Ijumaa alikuwa mlangoni, alisikia kila neno. Nikataka ardhi ipasuke. Lakini hakukasirika. Alinipa daftari jipya, akasema nianze na kitenzi kimoja, wiki nzima, tuongeze kidogo kidogo, na mwaka ukiisha ataniombea kazi ya kukaa. Machozi yalinilenga. Watu kama yeye hawapatikani. Nikaandika kitenzi changu cha kwanza, kwa mwandiko mzuri.
Ila mwaka mzima! Karani wa mapokezi ana daftari la Kiingereza nene kuliko lile, na huliacha kaunta akienda kula. Safari hii nimekuwa makini. Nimeulizia kwanza: hana mapacha.