Mishipa Ishirini na Saba

Jumatatu, 8 Julai

Nimempata! Tumechimba shimo la choo hapa nyumbani Chanika, kikaibuka kipande cha sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda ardhini tangu zama na zama. Ndani yake mdudu mzima, mabawa kama lesi! Nikakipiga msasa, nikakipaka mafuta ya nazi, nikatoa lenzi yangu ya ualimu. Nieleze kwa utaratibu. Visukuku vya wadudu hawa, yaani mabaki yao ya kale, havitambuliwi kwa rangi, maana rangi hufifia. Hutambuliwa kwa mishipa ya bawa: mingapi, inagawanyika wapi, inaungana na upi. Mdudu wa kitabuni ana mishipa midogo kumi na minne ukingoni. Wangu ishirini na saba! Jamii mpya kabisa! Itaitwa Ferdinandi, jina langu. Dkt. Editha, mtaalamu wa visukuku niliyemfundisha baiolojia kidato cha pili, anakuja Jumamosi kuithibitisha.

Jumanne, 9 Julai

Balaa. Jirani yangu Mwishehe kaja kunijulia hali, kakiona kipande mezani, kakitia mfukoni. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, watani wa jadi. Mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, unagomboa. Nikatoa jogoo. Akasema jogoo anampokea, ila anachotaka hasa ni jina. "Mdudu kafia Uzaramoni, wewe wa Tabora umwite jina lako? Andika Mwishehe, mtani, au namtia kwenye chetezo afukize nyumba!" Nikaandika MWISHEHE kwa wino mweusi juu ya mchoro wangu mkubwa wa bawa. Kipande kikarudi. Jogoo hakurudi.

Alhamisi, 11 Julai

Mpango! Nimeandika FERDINANDI kwenye karatasi, nikaibandika juu ya jina la Mwishehe kwa gundi ya fundi viatu wa Buguruni. Ile haibanduki hata kwa mvua ya masika. Mke wangu Rosalia akauliza kama nimehesabu mishipa mara ya pili. Nikamweleza kwa upole, kwa dakika arobaini, kwamba mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne hana haja ya kuhesabu mara mbili. Akasema maharage yameungua.

Jumamosi, 13 Julai

Siku yenyewe! Majirani wamejaa barazani, Mwishehe kiti cha mbele, kanzu mpya. Editha kafika, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu. Akakigeuza kipande juani. Kisha akaanza kueleza taratibu, vilevile nilivyokuwa nikieleza mie darasani. Mdudu akipumzika hukunja mabawa, la mbele likalalia la nyuma. Mabawa ni maangavu, kwa hiyo mishipa ya chini huonekana kupitia bawa la juu. Nimehesabu mabawa mawili kama moja. Kumi na minne juu, kumi na mitatu chini. Mdudu wa jamii inayojulikana siku nyingi.

Nikatangaza haraka kwamba kosa ni la mwenye jina, ndugu Mwishehe, aliyelazimisha mambo. Nikaanza kubandua karatasi yangu kwenye mchoro ili wote waone jina lake chini. Kucha ikavunjika. Karatasi haikutikisika. Mwishehe akainama, akasoma kwa sauti, herufi moja moja, mpaka ile I ya mwisho. "Pole, mtani. Mie langu silioni hapa!" Baraza zima likaangua kicheko. Editha naye akafuta machozi.

Jumapili, 14 Julai

Kabla ya kuondoka, Editha alinishauri kwa heshima zote: kwanza jua una mabawa mangapi mbele yako, ndipo uhesabu mishipa. Ushauri mzuri sana. Nimeupokea wote!

Leo Rosalia kapalilia mihogo, kaokota kipande kingine cha sandarusi. Ndani kuna nyuki. Safari hii sikugusa mishipa kabla ya kuhesabu mabawa. Manane! Nyuki wote duniani wana manne! Nikakagua tena, kwa uangalifu wa mtu aliyefunzwa na makosa. Vichwa navyo viwili, na hilo linaondoa shaka yote: ni jamii mpya kabisa. Nimeshamwandikia Editha.