Mbwa wa Kuazima na Dereva wa Gari la Wagonjwa

Jumatatu, 3 Juni
Amepita tena! Kituo cha magari ya wagonjwa kiko mwisho wa barabara yetu, naye huenda kazini kwa miguu. Dereva. Mimi mlangoni pa duka langu la ushonaji, futi shingoni, pini mdomoni. Hakugeuka. Wiki ya saba hii. Lakini kwa kinyozi jirani alichuchumaa, akamkuna mbwa wake masikio. Mbwa! Nimemwonea wivu mbwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima mbwa wa dada yangu. Anaitwa Waziri: anakula vizuri, kazi hatujaiona. Dada kanionya nisimfungue kamba karibu na barabara, king'ora kikilia wazimu humpanda. Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Jumatano, 5 Juni
Amesimama! Akasema mbwa mzuri, ila kamba ndefu mno, nishike fupi. Sauti yake nimeshona nayo kutwa nzima. Suruali ya mteja ina miguu miwili ya kushoto.
Kinyozi, mtu wa kujionyesha, mbwa wake hana hata kamba. Akiambiwa kaa, anakaa. Kesho tutaona.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu. King'ora kililia, dereva yuko kwenye usukani. Nikafungua kamba, aone kwamba wangu naye anatii. Waziri mbio hadi katikati ya barabara. Nikapiga kelele: kaa! Akakaa. Palepale!
Breki zikalia. Gari likasimama hatua moja kutoka puani mwake. Dereva akachungulia, kwa mara ya kwanza akanitazama sawasawa.
“Kaka, huku nyuma kuna mama anajifungua! Mtoe mbwa wako!”
Nikasema si wangu. Sijui kwa nini. Kinyozi ndiye aliyemkimbilia na kumbeba. Gari likaenda. Sikushona tena, nilikaa nikimfikiria yule mama.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda kituoni kuomba radhi, Waziri mkononi. Mtoto salama, wa kike. Nikashusha pumzi hadharani.
Dereva hakucheka. Akasema ukisikia king'ora, simama, mtoe mbwa pembeni kabisa, izungushe kamba kiganjani, usiachie hadi gari lipotee. Akanishika mkono kunionyesha. Mkono mkavu, wenye joto. Akauliza nimeelewa?
Nilikuwa nimeelewa.
Nikasema bado. Akaanza upya.

Jumamosi, 8 Juni
Dada amesikia yote mtaani. Kamchukua Waziri bila kunisalimu. Mchana gari lilipita. Nilisimama pembeni kabisa, kiganja nimekikunja, ndani hamna kitu. Hakuniona.
Jioni mteja wa ile suruali amekuja kugomba. Katika kugomba akataja kwamba binamu yake anagawa mbwa wawili. Wakubwa, wakaidi, barabara hawajawahi kuiona.
Nimemwambia awalete wote. Wawili watahitaji mafunzo marefu.