Mwaka Huu Hasinzii Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi katangaza: mkutano wa mwaka wa mawakala ni Alhamisi ya wiki ijayo, na mwaka huu hasinzii mtu. Mwaka jana alihutubia huku akisikia mngurumo, akadhani ni feni. Kumbe ni wakala wa mstari wa mbele anakoroma. Kiwanda cha magodoro, kasema, kazi yake ni kuwalaza wateja, si wauzaji.

Kisha habari yenyewe. Atakayebuni mkutano wa kuwaweka watu macho atakuwa Mkuu wa Mikutano. Cheo kipya! Na ofisi ya ghorofani, yenye dirisha.

Meza yangu iko kando ya mlango wa choo. Kila apitaye huniuliza kama kuna mtu ndani. Siku hizi najibu bila kuinua kichwa. Cheo hiki ni changu.

Mpinzani ni mmoja tu, jamaa wa idara ya mauzo. Tunamwita Kwa-Kifupi, maana ndivyo anavyoanza kila hotuba ndefu. Leo kasema kwamba, kwa kifupi, ana mawazo. Alipomaliza kuyaeleza, chai ilikuwa imepoa.

Jumanne, 4 Machi

Mkurugenzi kaigawa siku. Mmoja wetu ataongoza asubuhi, mwingine baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula! Hapo hata sungura hulala.

Nikamwahi Mkurugenzi kwenye ngazi. Nikamweleza, kwa nia njema kabisa, kwamba sauti ya Kwa-Kifupi hukwaruza asubuhi na hufunguka mchana. Akanishukuru kwa kumjali mwenzangu. Asubuhi nimepewa mimi.

Jioni kafika mama mkwe. Kauliza kazi inaendaje. Nikasema nimepandishwa cheo. Kweli ulimi hauna mfupa. Kauliza kama nina ofisi. Nikasema ninayo, tena ya dirisha. Kasema Ijumaa ya wiki ijayo, akielekea stendi, atapita aione kwa macho yake. Mke wangu alinitazama, kisha akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Tunaondoa viti vyote. Mawakala watakaa juu ya magodoro yetu wenyewe, kama wako nyumbani. Nimesoma mtandaoni kwamba mtu asiyekaa kwenye kiti huwaza vizuri zaidi. Viti vya kukodi nimeshavifuta.

Nimeagiza magodoro yawe ya bluu yote, yalingane na tai yangu. Msimamizi wa stoo kasema ya bluu yako nyuma kabisa, nichukue ya kijivu yaliyo mlangoni. Nikamwambia kijivu ni rangi ya msiba. Kasema sawa, bosi, kwa ile sauti ya mtu asiyekubali.

Nimepita pia kwa mpishi wa mkahawa wetu. Nimemsihi siku hiyo asibane mkono: wali, nyama, viazi, maharage, na cha kumalizia kiwe kitamu, chenye maziwa mengi. Kauliza kama hao mawakala wanatoka kulima. Nikasema mgeni ni mgeni. Ukweli ni kwamba nataka Kwa-Kifupi akabidhiwe ukumbi ulioshiba. Hilo sikumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Majaribio nyumbani. Nimewakalisha mke wangu na mama mkwe sebuleni. Zoezi la kwanza, la kufahamiana: kila mtu aseme jambo ambalo wenzake hawalijui. Mama mkwe hakusita. Kasema yeye alimtaka yule mpima ardhi. Nikauliza mpima ardhi yupi. Kasema yule aliyeleta posa kabla yangu, mwenye gari. Mke wangu kasema mama, yaishe. Zoezi la kufahamiana nimelifuta.

Zoezi la pili ni zuri zaidi. Washiriki wanafumba macho, naongea kwa sauti ya chini, nao wanaiona kampuni yetu ya miaka ijayo. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Kasema watoto wake wakishakula, akiwaambia wafumbe macho na kuongea polepole, haipiti dakika wamelala. Nikamkumbusha kwamba mawakala si watoto. Tena nitaongoza kabla ya chakula. Kasema haya, baba, wewe ndiye mwenye ofisi.

Jumanne, 11 Machi

Kwa-Kifupi kaja mezani kwangu. Kwanza kauliza kama kuna mtu ndani. Alipotoka kaniomba ushauri wa kipindi chake. Maskini wa Mungu! Nimemshauri alete grafu, nyingi iwezekanavyo, na asiruke hata moja. Kaandika yote, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijisikia vibaya kidogo. Baada ya chai hali hiyo ikaisha.

Alhamisi, 13 Machi

Siku yenyewe. Naandika kwa utulivu.

Saa ya kuanza ilifika, magodoro hayajafika. Nikapiga simu stoo. Msimamizi kasema bado wanahamisha ya kijivu ili wayafikie ya bluu. Viti hakuna. Mawakala wamesimama wima ukumbini kama wanaosubiri benki ifunguliwe. Mkurugenzi katazama saa, kasema Kwa-Kifupi aanze, mimi nitaingia baada ya chakula.

Baada ya chakula! Chakula changu!

Kwa-Kifupi kasema kwamba, kwa kifupi, ana grafu. Hakuruka hata moja. Na hakuna aliyesinzia, kwa sababu anayesinzia amesimama huanguka. Mkurugenzi alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Nilitamani kulia.

Mchana nilikimbilia jikoni. Nikamwomba mpishi apunguze. Kasema aliyeagiza ni mimi, na kilichopikwa kimepikwa. Wakala mmoja mnene, tunayemwita Mama Jumla kwa sababu ndiye anayetuuzia kuliko wote, alirudi kuongeza wali. Kisha akarudi tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema mama mkwe. Nadhani hunisema mimi.

Magodoro yalitandazwa. Yalipendeza, lazima niseme. Tai yangu ilikubaliana nayo. Mawakala wakavua viatu, wakakaa. Ningeweza kubadilisha zoezi, lakini zoezi lilikuwa limeandaliwa. Nikawaambia wafumbe macho, wavute pumzi, waione kesho ya kampuni. Nikaongea kwa sauti ya chini.

Wa kwanza kukoroma alikuwa Mama Jumla. Wakafuata wengine, mstari kwa mstari. Tumaini langu likabaki kwa Mkurugenzi. Yeye alikuwa amejilaza ubavu, mkono chini ya shavu. Kwa-Kifupi alilala chali na kalamu zake mfukoni. Nikaendelea kuongea, maana sikujua la kufanya. Mfanyakazi wa usafi alichungulia mlangoni, kauliza kwa kunong'ona kama arudi baadaye.

Mkurugenzi aliamka wa kwanza. Shavu lake lilikuwa na alama ya mshono wa godoro. Kaniuliza, kwa sauti nzito ya kutisha, haya magodoro ukumbini lilikuwa wazo la nani.

Akilini nilimwona mama mkwe akipanda ngazi za ofisi yangu ya dirisha. Niliwaona watoto wangu wakiniuliza kwa nini niko nyumbani. Nikamnyooshea kidole Kwa-Kifupi. Alikuwa bado amelala, hakuweza kubisha.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao cha ghafla asubuhi. Nilikwenda nimejiandaa kumpa Kwa-Kifupi pole.

Mkurugenzi kasema Mama Jumla ameuza magodoro yetu miaka yote bila kulalia hata moja. Alilala jana kwa mara ya kwanza. Ameamka, mgongo haumuumi, kaagiza lori zima. Wenzake nao hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaijua bidhaa! Mwenyewe Mkurugenzi hajapata usingizi kama ule tangu aoe. Kuhusu sauti yake nzito ya jana, kasema ndivyo anavyokuwa akiamka.

Kisha akampongeza Kwa-Kifupi kwa ubunifu. Mkuu wa Mikutano. Ofisi ya dirisha. Kwa-Kifupi kasema hakumbuki kulitoa wazo hilo, lakini, kwa kifupi, anapokea. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Moyo ulikuwa unaniuma kweli.

Niliinua mkono niseme ukweli. Mkurugenzi kasema anajua, anajua, mimi ndiye niliyekuwa muungwana wa kumtaja mwenzangu. Nikaushusha mkono.

Saa ya chakula nilimkuta mama mkwe amekaa mezani pangu, mkoba mapajani. Mlinzi alikuwa amemwonyesha. Mhasibu alipita, kamuuliza kama kuna mtu ndani. Mama mkwe katazama mlango wa choo, kanitazama mimi, kajibu kwamba yupo. Nilimsindikiza stendi, nikambebea sanduku. Alipopanda gari kaniambia nile vizuri, nimekonda. Ningependelea anitukane.

Jumatatu, 24 Machi

Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilichelewa kudai kilicho changu. Halitarudiwa.

Leo Kwa-Kifupi kaandaa kikao na wakubwa wa benki, wanaotaka kututathmini kabla ya kutukopesha. Nilikuwa nje ya mlango. Mara Mkurugenzi katoka, kwa ile ile sauti nzito. Kauliza ni nani aliyetoa wazo la kuwakalisha watu wa benki kwenye magodoro.

Sikumwacha amalize. Nikasema mimi! Tangu mwanzo ni mimi, hata yale ya mawakala, Kwa-Kifupi hahusiki kabisa!

Ikawa meneja wa benki ana mgongo mbovu. Alikaa chini, akashindwa kuinuka. Wanaume wa stoo walimwinua kwa shuka, akitoa maneno ambayo meneja wa benki hapaswi kuyajua. Mkopo umekufa. Kwa-Kifupi alisimama nyuma ya Mkurugenzi, akasema, kwa kifupi, amesikitika. Ndiyo mara ya kwanza amesema kwa kifupi kweli.

Jumatano, 26 Machi

Meza yangu imehamishiwa stoo. Dirisha hakuna, ila choo nacho hakuna. Msimamizi kanikaribisha vizuri, kanipa nafasi kati ya magodoro ya kijivu.

Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nimemwambia tatizo zima lilikuwa kimo. Meneja alishindwa kuinuka kwa sababu godoro lilikuwa chini. Mke wangu kafumba macho. Nadhani alikuwa anaiona kesho yetu.

Watu wa bima wanakuja mwezi ujao. Nimepima dari ya ukumbi na kuulizia bei ya kamba. Safari hii magodoro yataning'inia.