Ombi la Kaburi Katika Ua wa Kituo cha Sanaa

Ijumbi, Muleba
14 Julai

Ndugu Mkurugenzi wa Kituo cha Sanaa za Kisasa, Kemondo,

Nilikuwa miongoni mwa wageni wa Jumamosi, mlipokifungua upya kituo chenu baada ya ukarabati wa miaka miwili. Hongereni. Nilipoondoka Kemondo mwaka 1969 jengo hilo lilikuwa ghala la kahawa lenye popo wengi kuliko magunia. Sasa lina vioo, na popo sijui mmewapeleka wapi. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Tabora, na nimefikia kwa dada yangu Kokubanza hapa Ijumbi. Pamoja na pongezi, nina malalamiko matatu na ombi moja.

1. Mlangoni nilipewa juisi ya boksi. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa habari za safari. Nilidhani mmesahau, hadi nilipoingia chumba cha kwanza nikakuta kahawa imelundikwa sakafuni bila mwenyeji wa kuigawa. Nikajigawia punje mbili. Mlinzi wenu, Bwana Kamugisha, alikuja mbio: "Mzee, tema! Hiyo ni sanaa!" Nilimweleza kwa adabu kwamba sanaa hiyo haikuchemshwa vya kutosha.

2. Chumba cha pili mmetandika nyasi vizuri sana, kama alivyotandika mama yangu siku za wageni. Kisha mkazizungushia kamba. Ndugu Mkurugenzi, nyasi hutandikwa ili mtu akae. Nilivuka kamba, nikavua viatu, nikakaa. Sikumsumbua mtu. Watu wakaanza kunipiga picha, na binti mmoja ambaye wenzake walimwita Joanitha alisoma kibao cha maelezo, akanitazama, akasema, "Jamani, huyu mzee wamemtengeneza vizuri, hadi anapumua!" Nilikaa hapo dakika arobaini. Tangu mwaka 1969 watu wa Kemondo hawajawahi kunitazama kwa makini kiasi hicho, kwa hiyo lalamiko hili ni la kamba tu.

3. Uani kuna emilamula sita katika mstari mmoja. Ninyi mmeiandikia "mimea ya mapambo". Kwa Mhaya, mulamula ni mpaka: baba huupanda, watoto huuheshimu, majirani huugombania. Ghala hilo lilipakana na kibanja cha baba yangu, yaani shamba lake la migomba na kahawa, na mimi nimepima ardhi za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipima kwa hatua, mara mbili. Matokeo ni kwamba ua wote, vyoo vya wanawake, na ofisi yako hadi kwenye kiti chako vimo ndani ya kibanja cha baba. Meza yako imebaki nje. Unaweza kuendelea kuitumia.

4. Sasa ombi. Sitaki ardhi wala fidia. Naomba nizikwe katika ua huo siku yangu itakapofika.

Baba alifariki mwaka 1987. Barua ya msiba ilinifikia Tabora baada ya wiki tano, nikaona aibu kuja nimechelewa, na aibu ile imeendelea hadi mwaka huu. Sijui alilazwa wapi. Tabora nina nyumba nzuri, lakini nikifia huko nitalala makaburi ya manispaa, katikati ya watu wasioweza hata kunisalimia kwa Kihaya. Mtu wa kwetu hulala katika kibanja chake.

Tafadhali fikirieni faida. Nahitaji mita mbili kwa moja. Sihitaji taa wala bima, na siwezi kuibwa. Siku ya kunipokea ukoo wangu utajaa hapo, na watalia kwa moyo, jambo ambalo Jumamosi sikuliona mbele ya kazi yoyote. Tena eneo lenye kaburi hakuna atakayethubutu kulinunua, hivyo kituo kitadumu. Kibao nimekwisha kukiandaa: "Nathanael Rwekaza. Mtu na udongo. Wageni wanaruhusiwa kukaa."

Iwapo bodi itaona jambo hili ni zito, niko tayari kuanza kwa majaribio: nilale hapo uani alasiri tatu kwa wiki, nikiwa hai.

Wasalimie wafanyakazi wote, fundi aliyeng'arisha sakafu hadi nikaona tundu la pua yangu, Bwana Kamugisha, na popo, popote walipo.

Wako, ndani ya mipaka,
Nathanael Rwekaza

Nyongeza, nyuma ya bahasha: Dada Kokubanza ametaka nimsomee barua kabla sijaipeleka posta. Amecheka hadi akaweka chini kisu cha kumenyea ndizi. "Waitu Nathanael, hiyo emilamula ililetwa na pikapu kutoka Kimwani mwaka jana! Niliiona ikiteremshwa!" Tena anasema Kemondo kulikuwa na maghala mawili, na lililopakana na kibanja chetu ni lile la chini, lililoanguka. Kibanja kipo, anakilima Karugendo, mtoto wa marehemu kaka yetu. Baba amelala humo, na ubavuni mwake pameachwa nafasi moja ambayo kwa miaka yote hii hakuna aliyeruhusiwa kupanda hata maharage. Sikumwuliza mapema kwa sababu mpima ardhi haulizi, hupima. Kiti chako nakurudishia, na ombi la namba nne nalifuta. Kesho asubuhi tunakwenda. Dada anasema nisiwe na haraka ya kuitumia nafasi hiyo, ila niache kuomba kaburi kwa watu, majirani watadhani nyumbani wamenikataa.