Ombi: Wapangaji Watulie Nyota Zikipigwa Picha

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ndiye mpangaji wa ghorofa ya juu, yule ambaye watoto wa jengo wananiita Bwana Mwezi, kwa kuwa napiga picha za nyota kule kwenye paa. Nyota husogea, kwa hiyo nina kamera ndogo inayoikodolea macho nyota moja na kuiongoza darubini iifuate. Nimeichagulia nyota nyekundu, kubwa, iliyo chini chini upande wa barabara. Haitikisiki, ina adabu zake. Lakini wapi! Kila picha, nyota nyingine zote zinatoka ndefu kama tambi. Mke wangu kachoka. Nisipompa picha moja yenye nyota za duara kabla mwezi haujaisha, darubini inakwenda kwa kaka yake, ambaye ataitumia kuchungulia mpira uwanjani, na paa linarudi kuwa la kuanikia nguo. Roho inaniuma, Mwenyekiti. Wanaonitikisia jengo ni hawa:

1. Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu. Akikanyaga cherehani, mbingu yote inatetemeka. Ashone kwa mkono.

2. Yule bwana anayeruka kamba ili apunguze kitambi. Kitambi kipo palepale, anayekonda ni mimi.

3. Wewe mwenyewe. Uniwie radhi, lakini ukipanda ngazi hata nondo zinajua. Naomba upande peku, tena kabla hujala.

4. Dunia. Inazunguka usiku kucha bila idhini ya kamati. Kamati iliyoweza kuisimamisha lifti tangu mwaka juzi haiwezi kushindwa na hili.

Kwa hiyo naomba, giza likiingia, wapangaji wote walale chali bila kujigeuza. Mwenye chafya ashuke nayo hadi getini.

Nisalimie shemeji, watoto, mlinzi, na hata fundi cherehani, sina kinyongo naye.

Wako nisiyetikisika,
Mpangaji wa juu

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, umeme umekatika mtaa mzima na nyota yangu imezimika. Kumbe ni taa ya mnara wa simu! Darubini, maskini, muda wote ilikuwa inaufuata mnara, na mnara hauendi popote. Mke wangu amecheka hadi akakaa chini. Kisha akachagua nyota nyingine kwa mkono wake, na kwa kuwa darubini inatumia betri, picha imetoka, nyota zote duara. Haiendi tena kwa kaka yake. Ila sasa ni ya mke wangu mwenyewe, na amenipiga marufuku kutembea juu ya paa, eti namtikisia. Naomba kamati iingilie kati.